Mjukuu wa Elwyn Ambulensi

Cwm Eirin,
21 Januari 2019

Shoga yangu Heulwen,

Nakuandikia kwa mkono, na usinicheke. Barua pepe zako najua zinasomwa na yule Delyth wako wa ofisini kabla hujazisoma wewe. Delyth ni mtu mzuri, lakini haya si ya Delyth. Nimeandika "binafsi" juu ya bahasha kwa herufi kubwa. Akiifungua, mwambie nitakuja Cardiff mwenyewe.

Hujambo lakini? Nakuona kwenye televisheni umekonda. Wanakulisha nini huko kwenye bunge la Wales, au asubuhi mnakula Brexit na mchana mnapasha moto iliyobaki? Najua, najua, mimi ndiye niliyepiga kura ya kujitoa Ulaya, na wewe ukaninunia mpaka Krismasi. Usianze tena. Nilichoka kuambiwa mambo ni mazuri na watu wasioweza hata kuonyesha bonde letu kwenye ramani, na bado nimechoka. Ila sasa nina shida, na wewe ndiye mbunge wangu, kwa hiyo utanisikiliza hivyo hivyo na kura yangu mbaya.

Ni kituo cha vijana. Unakijua kile kibao cha nyota za Ulaya mlangoni ambacho hakuna anayekitazama. Pesa za Ulaya ndizo zinazolipa umeme, ndizo zinazonilipa mimi, na ndizo zinazomlipa Anwen, mshauri anayekaa na watoto kila Jumatano kwenye kile chumba cha nyuma ya jiko. Mradi unakaribia kwisha, na tukishatoka hakuna anayejua nani atashika pale Ulaya ilipoachia. Halmashauri inasema kaulizeni Cardiff, Cardiff inasema kaulizeni London, na London haipokei simu. Na hapo ukisema "si nilikwambia", Heulwen, nitakutafuta na mwiko.

Sasa lile la Delyth asilisome. Unakumbuka nilikwambia Tirion alilazwa kwa kidole tumbo mwezi wa kumi na moja? Hakuwa na kidole tumbo. Alijaribu kujidhuru. Mwanangu, miaka kumi na sita. Baba yangu ndiye aliyemkuta sakafuni. Unamjua baba, bonde zima bado linamwita Elwyn Ambulensi ingawa gari alishalirudisha zamani. Amewabeba nusu ya watu wa hapa na hakuna aliyewahi kumwona akitetemeka. Siku ile alitetemeka mikono hata simu ikamshinda, akaniita mimi nipige. Baadaye alilia jikoni, akaniambia nisimwambie mtu habari za mikono wala za machozi.

Hospitali wamemweka kwenye foleni ya vijana wanaosubiri daktari wa akili, na foleni yenyewe haisogei. Aliyemshika mkono ni Anwen. Sijui wanaongea nini mle ndani na sithubutu kuuliza, ila wiki iliyopita Tirion alikula chakula chake chote na akaniambia chumvi imezidi. Nilitaka kumbusu. Chumba kile kikifungwa sijui mwanangu ataenda wapi.

Ukipata nafasi ya kusema, tusemee. Na haya ya Tirion ni yako wewe tu.

Rafiki yako,
Menna


Cardiff,
29 Januari 2019

Menna mpenzi,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Pole sana, mama Tirion. Pole kwa yote, na pole kwamba ulibeba zigo hilo peke yako huku mimi nikikutumia vikadi vya Krismasi vyenye ndege.

Hapa tunachinjana. Mtu hazungumzii shule wala hospitali bila kwanza kula kiapo kuhusu Ulaya. Lakini nimebahatika: tarehe 13 Februari kuna mjadala wa ustawi wa vijana, na nimepewa nafasi. Nitasema habari za kituo. Waziri atakuwepo, na mimi nikiamua kumkalia mtu kooni unanijua.

Nami pia ni mtoto wa bonde lile. Huku naitwa Mheshimiwa Prothero na naitika, lakini ukiniita Heulwen Posta hata kesho nitageuka. Mama yangu alikaa nyuma ya dirisha lile la posta mpaka mgongo ukapinda, na hakuna siri ya mtu iliyowahi kutoka. Kaa na amani.

Mbusu Tirion kwa niaba yangu bila kumwambia kwa nini.

Wako,
Heulwen


Cardiff,
14 Februari 2019

Menna! Tumeshinda!

Ningekupigia simu lakini sauti imekauka. Jana nilisimama ukumbi ukiwa nusu mtupu, wengine wanachezea simu zao, wewe unawajua hao. Nikaziacha takwimu kando. Nikawaambia kuna msichana katika bonde nililozaliwa. Nikasema babu yake aliendesha gari la wagonjwa maisha yake yote, akawabeba jirani zake mmoja baada ya mwingine, na siku alipomkuta mjukuu wake mwenyewe sakafuni, mikono ile ilitetemeka ikashindwa hata kushika simu. Nikauliza: mtu aliyetubeba sisi sote, nani atambebea mtoto wake? Kukawa kimya, Menna. Hata wale wa upande wa pili wakaweka simu chini. Mmoja alikuwa anajifuta macho.

Jina sikutaja, wala lako, wala la kijiji. Waziri alinifuata ukumbini baadaye, akanishika mkono. Kituo kitapata pesa za Cardiff mradi wa Ulaya ukiisha. Barua rasmi inakuja! Na ile hotuba tumeiweka mtandaoni, watu wanasambaziana kama karanga za moto. Jana jioni nilipigiwa simu mpaka na redio ya London.

Mwambie Anwen chumba chake hakifungwi. Nimefurahi jamani, miaka yote hii bungeni na sijawahi kujisikia nina faida kama jana.

Heulwen


Cwm Eirin,
25 Februari 2019

Mheshimiwa Prothero,

Nimeacha siku zipite ili nisikuandikie matusi. Sijui kama nimesubiri vya kutosha.

Jina hukutaja. Hongera. Bonde hili lina akina Beynon wangapi? Ukisema "Beynon" hapa, mtu atakuuliza Beynon yupi, na hatajua mpaka umwambie kazi ya baba yake. Ndiyo maana tuna Gwyn Makaa na Ifor Jeneza na wewe mwenyewe ni Heulwen Posta, umeniandikia kwa mkono wako mwezi uliopita unajisifia! Ulificha jina lisilomtambulisha mtu, ukatangaza lile linalomtambulisha. Babu aliyeendesha gari la wagonjwa. Kwani wako wangapi? Ungesimama ukasema "Tirion Beynon" wangebabaika kidogo. Ulivyosema ni kama ulimtaja kwa kipaza sauti pale sokoni.

Baba alikwenda buchani kesho yake asubuhi. Mke wa mwenye bucha akamshika mkono mbele ya foleni nzima, akamwambia, "Pole Elwyn, hatukujua. Tulidhani kidole tumbo." Baba aliiacha nyama pale pale juu ya kaunta akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo haendi mazoezi ya kwaya. Anasema kifua kinabana, lakini najua ni mikono. Anaiweka mfukoni hata akiwa ndani. Uliwaambia watu mikono yake ilitetemeka, Heulwen. Hilo alinikataza nisimwambie mtu.

Na Tirion. Shuleni msichana mmoja alimwuliza mbele ya wenzake, "Kumbe kidole tumbo chako kilikuwa kichwani?" Wakacheka. Video yako wanayo kwenye simu. Mwalimu alikuja na uso wa huruma, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Sasa hatoki chumbani, na Jumatano hakwenda kwa Anwen.

Pesa zako zikija nitazipokea, maana kuna watoto wengine. Lakini usiniite mpenzi.

Menna Beynon


Cardiff,
28 Februari 2019

Menna,

Naelewa hasira yako na ninajuta sana kwamba Tirion ameumia. Lakini tafadhali usiniweke pamoja na watu wabaya. Hotuba ilipita mikononi mwa watu, na mambo mengine huingia katika maandalizi. Delyth ndiye anayepanga karatasi zangu. Huku si kama huko kwenu, mtu husema "gari la wagonjwa" bila kufikiria kwamba ni jina la mtu. Nia yangu ilikuwa njema na kituo kimepona, hilo nalo si haba.

Video nimewaambia waitoe kwenye ukurasa wangu, ila waliokwisha kuichukua wameichukua. Niambie nifanye nini zaidi.

Heulwen


Cwm Eirin,
6 Machi 2019

Kwa Mheshimiwa Heulwen Prothero, Mbunge,

Zamani nilikuita Anti Heulwen na ulinipa baiskeli yangu ya kwanza. Leo nakuandikia kama mwananchi wa jimbo lako, kwa hiyo nitajitahidi kuwa na adabu.

Sitaki kuzungumzia hotuba yako. Nimeitazama mara moja na inatosha. Ulisema vizuri sana. Kama ningekuwa mtu mwingine ningelia.

Nataka kumlalamikia Anwen Gittins, mshauri wa kituo cha vijana. Siku ya kwanza kabisa aliniambia, "Unachosema humu hakitoki, isipokuwa nikiona maisha yako yako hatarini." Nikamwamini. Nilimwambia mambo ambayo hata mama hayajui. Nikamwambia habari za babu, jinsi nilivyosikia aibu zaidi kwa sababu ya mikono yake kuliko kwa sababu yangu mwenyewe. Halafu nikayasikia kinywani mwako, mikono na vyote. Mama anasema hajui ulijulia wapi. Babu hawezi kusema, angekufa kwanza. Amebaki Anwen.

Kwa hiyo nakuomba unieleze malalamiko yanapelekwa wapi. Sitaki afungwe wala nini. Nataka tu asikae tena kwenye kile kiti na kumwambia mtoto mwingine kwamba hakitoki. Halmashauri nimeshawaandikia, lakini watu wanasema bila mbunge hawajibu mtu.

Ni mimi,
Tirion Beynon


Cardiff,
12 Machi 2019

Ndugu Tirion Beynon,

YAH: MALALAMIKO YAKO

Nimepokea barua yako ya tarehe 6 Machi, na nakushukuru kwa kuniandikia. Ustawi wa vijana ni jambo ninalolipa uzito mkubwa. Kwa kuwa suala lako tayari limefikishwa katika halmashauri, si vyema nikatoa kauli kwa sasa. Ofisi yangu itaendelea kulifuatilia kwa karibu.

Nakutakia kila la heri.

Wako katika kuwatumikia wananchi,
Heulwen Prothero, Mbunge


Cardiff,
12 Machi 2019

Menna,

Umemwambia nini mtoto?

Ameniandikia. Anamshtaki Anwen! Mwanamke ambaye sijapata kumwona hata kwa macho. Nimemjibu barua ya kiserikali isiyo na kitu ndani, nimeitia sahihi, nimeipeleka posta mwenyewe, na nilipoitumbukiza kwenye sanduku nilitamani kuingiza mkono niitoe. Mtoto niliyemnunulia baiskeli, nimemwandikia "kila la heri".

Sasa nisikilize, maana kabla sijakuuliza zaidi inabidi nijivue nguo mwenyewe. Nilikwambia Delyth ndiye anayepanga karatasi. Ni uongo. Delyth aliusoma ule mstari wa gari la wagonjwa akaukata kwa kalamu nyekundu. Akaniuliza, "Huyu babu hatajulikana?" Delyth, mtu wa Newport asiyelijua bonde letu hata kidogo, aliona. Mimi nikaurudisha. Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo na nilipofika kwenye mikono inayotetemeka nikajua ukumbi utanyamaza. Niliutaka ule ukimya, Menna. Nilijua watu wangemjua, nikajiambia labda hawatajua, nikasimama nikasema. Kisha nikamsingizia mwanamke anayenitengenezea chai.

Kwa hiyo sikunyooshei kidole. Uso wenyewe sijui niuweke wapi. Lakini mtoto anaamini uongo, na kuna mtu anaumia kwa uongo huo. Niambie.

Heulwen


Cwm Eirin,
19 Machi 2019

Heulwen,

Alisimama mlangoni pa jiko, nilikuwa namenya viazi. Akauliza, "Nani alimwambia?" Nikasema sijui. Hivyo tu, lilinitoka lenyewe. Akasema, "Basi ni Anwen." Nami nikaendelea kumenya. Sikusema ndiyo, haki ya Mungu sikusema. Lakini alinitazama akisubiri nimkatalie, na mimi nikainamia viazi.

Ningemwambiaje? Kwamba mama yake mzazi alikaa mezani akaandika kila kitu, na kilio cha babu juu yake, akampelekea mwanasiasa? Nilikufokea ulivyotangaza mikono ya baba. Nani alikupa hiyo mikono? Nilipokuwa nakuandikia ile barua ya hasira nilijua, na ndiyo maana ilikuwa ndefu.

Halmashauri wamemsimamisha Anwen kazi mpaka uchunguzi uishe. Jana alikuja kuchukua vitu vyake kituoni, kikombe na koti la mvua. Aliniuliza, "Menna, wewe unaamini nilisema?" Nikamwambia ni mambo ya taratibu, yatapita. Nikamfungulia mlango. Watoto wa Jumatano walikuja wakakuta chumba kimefungwa, mmoja akakaa tu kwenye ngazi na hakutaka kuondoka. Barua yako ya pesa ilifika siku hiyo hiyo. Nimeiweka juu ya friji. Sasa tuna pesa na hatuna mshauri.

Nakuomba kitu kimoja, nakuomba kwa magoti. Usimwambie. Tirion amebaki na mtu mmoja tu anayemwamini na mtu huyo ni mimi. Akijua ni mimi hatabaki na yeyote. Unajua alikotoka. Naogopa, Heulwen. Namsikiliza anavyopumua nikipita mlangoni pake. Acha uchunguzi uende polepole, watakosa ushahidi, Anwen atarudishwa, yataisha.

Usimwambie.

Menna


Cardiff,
29 Machi 2019

Menna, shoga yangu,

Leo ndiyo siku tuliyoambiwa tutatoka Ulaya. Hatujatoka. Wamesogeza mbele. Nimekaa na barua yako tangu ilipofika, nami nimekuwa nikisogeza mbele vilevile, kila siku nikijiambia kesho.

Nimezungumza na daktari mmoja rafiki yangu, sikutaja mtu wala kazi ya mtu. Nilimwuliza: mtoto akijua ukweli ataumia? Akasema ataumia. Nikamwuliza, na asipojua? Akasema tayari anaumia, ila analaumu mlango usiohusika. Msichana anaamini kwamba ukimfungulia mtu moyo ndani ya chumba kile, maneno yanatoka. Hayakutoka chumbani, Menna. Yalitoka jikoni kwako na bungeni kwangu. Chumba ndicho pekee kilichofanya kazi yake, na sisi wawili tumekifunga.

Ukimwambia wewe, ana mama aliyemkosea na akamwambia. Akisikia kwingine, ana mama aliyemenya viazi. Sikutishi. Lakini wachunguzi wameniandikia kuniuliza habari nilizipata wapi, na safari hii sitawaandikia barua isiyo na kitu ndani. Nitasema si Anwen. Jina lako sitalitaja, lakini Tirion si mjinga. Wamenipa mpaka katikati ya wiki ijayo. Mwambie kabla ya hapo.

Ukitaka nije nikae kando yako wakati unamwambia, nitakuja. Ukitaka nisionekane bondeni, sitaonekana. Mjulishe na daktari wake, mtoto asiwe peke yake siku hiyo.

Heulwen


Cwm Eirin,
3 Aprili 2019

Nimemwambia. Hakupiga kelele. Baba alikuwepo. Tirion aliuliza, "Na Anwen alikuuliza, na wewe ukamfungulia mlango?" Nikasema ndiyo. Asubuhi alimpigia simu shangazi yake wa Swansea aje kumchukua. Mzima. Anakula. Haongei na mimi.

M.


Cardiff,
10 Aprili 2019

Tirion,

Barua niliyokutumia mwezi uliopita nirudishie kama bado unayo, au ichome. Haikustahili kuitwa barua.

Si Anwen. Umeshajua. Nimewaandikia wachunguzi kwamba sijawahi kuzungumza naye. Nataka ujue na sehemu yangu kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine. Mama yako aliniandikia kwa sababu alikuwa anaogopa kukupoteza, na alisema haya ni yangu mimi tu. Mimi ndiye niliyeyatoa nje. Nilionywa kabla ya hotuba kwamba babu yako atajulikana. Nikayasema kwa sababu nilijua yatafanya kazi. Wewe uliandika kwamba nilisema vizuri sana, na katika yote niliyoambiwa tangu Februari hilo ndilo linaloniamsha.

Naona aibu, Tirion. Naandika neno hilo na bado naliona dogo.

Sina haki ya kukuomba msamaha faraghani kwa kosa nililolifanya hadharani. Kwa hiyo nimemwomba Spika nafasi baada ya mapumziko ya Pasaka. Nitasimama pale pale niliposimama, niseme kwamba nilitumia siri ya mtoto niliyokabidhiwa, na kwamba nilikosea. Safari hii sitasema neno lolote la kukutambulisha. Nitakuonyesha karatasi kwanza. Ukisema ndiyo, nitasimama.

Wako,
Anti Heulwen, kama bado naruhusiwa


Swansea,
7 Mei 2019

Anti Heulwen,

Unaruhusiwa. Sijui kuita watu majina mapya.

Hapana. Usisimame. Ukisimama, ukumbi utanyamaza tena. Watasema lo, mbunge jasiri huyu, ona anavyokubali kosa. Wataweka mtandaoni. Bondeni watajua anaombwa radhi nani, na mke wa mwenye bucha atamshika babu mkono kwa mara ya pili. Umezoea kila kitu kiishe kwa hotuba. Hiki kiache bila hotuba, ukae nacho tu.

Anwen amerudishwa kazini. Nilimwandikia. Nilifuta na kuandika mpaka shangazi akaniuliza kama natunga kitabu. Akanijibu kwamba hanilaumu, kwamba mtu akiumia hugonga aliye karibu. Afadhali angenitukana. Yule mtoto aliyekaa kwenye ngazi namjua, ni Osian, ana miaka kumi na mitatu na mama yake anakunywa. Alikosa Jumatano zake zote zile kwa sababu yangu. Wewe na mama mna aibu yenu, na mimi nina yangu, tena yangu niliiandika kwa adabu na nikaipeleka halmashauri.

Mama hunipigia Jumapili. Tunaongelea mvua. Juzi aliniambia babu amerudi kwaya, anasimama nyuma. Nikafurahi, halafu nikakata simu kabla hajasema anavyonikumbuka. Sijafika hapo bado.

Hapa foleni ni fupi kidogo. Nimepata mshauri, mwanamke wa makamo, ana mbwa mzee anayelala chini ya meza na kukoroma. Wiki iliyopita ilikuwa mara ya kwanza. Akafunga mlango, akaniambia unachosema humu hakitoki. Akasubiri.

Nikamwuliza, "Utakwenda kuyasema wapi?"

Akasema, "Sitayasema popote."

Mimi nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na sikumwamini. Anaonekana mtu mwema na sikumwamini. Nilikaa muda wote nikimtazama mbwa. Nilikuwa na maneno, Anti, yalikuwa yamejaa mpaka hapa kooni, lakini kila nililotaka kulisema nililisikia kwanza kwa sauti yako.

Alhamisi nitakwenda tena. Ameniambia naweza kukaa kimya nikitaka.

Tirion